Tangazo la kulinda watoto bila kumwanika mtoto: mwongozo kwa vikundi vya Kigoma

Karibu kila mwezi kuna kikundi kinaniletea rasimu ya bango au tangazo la redio kuhusu ulinzi wa watoto, na maswali ni yale yale. Tuweke picha ya mtoto analia? Takwimu ziwe ngapi? Tukiomba mchango, tutaje kiasi? Mbona tulibandika mabango Mwanga na Gungu nzima na hakuna aliyepiga simu? Nimeona niyajibu kwa maandishi, ili ukija kwangu tuanzie pale ulipokwama.

Ninaowaandikia ni watu wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kata, vikundi vya akina mama, vijana wa kanisani na msikitini, na walimu wa malezi. Najua ulicho nacho ni rimu moja ya karatasi, nusu dakika ya redio na kundi la WhatsApp. Inatosha kuanzia.

KABLA YA YOTE

Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2007 na watafiti Small, Loewenstein na Slovic. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa kuchangia watoto wenye njaa. Waliopewa habari za mtoto mmoja wa Mali, Rokia, mwenye miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu wakashuka hadi 1.43. Ndiyo maana mashirika makubwa hukuonyesha uso mmoja na jina moja. Moyo hushika mmoja, wengi huupita.

Lakini Rokia alikuwa mbali. Waliomchangia wasingekutana naye sokoni. Huku kwetu mtoto wa tangazo lako anateka maji bomba lile lile na mtu anayelisoma.

Nililijua hili kwa kukosea. Bango langu la kwanza lilikuwa na picha ya mtoto aliyepigwa nyumbani. Nilimpiga picha kwa nyuma, nikaamini nimemficha. Sweta lake la shule lilikuwa na kiraka cha bluu kwenye kiwiko cha kushoto. Siku ya pili bibi yake alikuja na bango amelikunja mara nne. Hakupaza sauti. Alilikunjua mezani, akaweka kidole juu ya kile kiraka, akasema, "Hiki nimekishona mimi." Mjukuu wake alikuwa amegoma kwenda shule, kwa sababu wenzake walishamjua na walikuwa wanamwita "Bango". Tuliyabandua yote jioni ile, na nilirudi kwao mara nyingi kuomba radhi.

Kwa hiyo kazi unayojifunza hapa ni moja: kupata nguvu ya mtoto mmoja bila mtoto yeyote kuonekana.

UNAVYOHITAJI

- Barua au kauli ya ofisi ya kata kwamba wanajua unachofanya. Ukiomba fedha, pitia kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii.
- Jina na namba ya kazi ya afisa ustawi wa jamii, na ujue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu liko wapi na linafunguliwa saa ngapi.
- Simu ya kurekodia sauti, na chumba chenye nguo nyingi au vitenge vimetundikwa ili sauti isirudi.
- Mchoraji. Wachora mabango ya vinyozi na maduka wako kila mtaa, na wengi wana mkono mzuri kuliko wanavyosifiwa.
- Lipa namba ya kikundi, kama utaomba fedha. Isiwe namba binafsi ya mweka hazina.
- Daftari la kuandika kila simu au taarifa iliyokuja baada ya tangazo.

HATUA

1. Chagua tendo moja.

Tangazo haliwezi kuomba mchango, kuhimiza watu watoe taarifa na kukemea viboko kwa pumzi moja. Andika juu ya karatasi: "Baada ya kusikia hili, mtu atafanya ___." Ukijaza "ataelimika", futa. Kuelimika si tendo unaloweza kulihesabu kwenye daftari. Jaza "atapiga 116" (Simu ya Mtoto ya taifa), au "hatampa mtoto ndoo ya dagaa saa za shule", au "atauliza binti anapelekwa Dar kwa nani kabla hajapanda treni".

2. Chagua unayemwambia, na umfuate alipo.

"Jamii" si mtu. Mama anayenunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki, ni mtu. Kondakta wa daladala ya Ujiji ni mtu. Mtoto mwenyewe ni mtu, na huyo ndiye tunayemsahau zaidi.

Mwaka 2013 shirika la ANAR la Hispania lilitengeneza bango la barabarani ambalo picha yake inabadilika kulingana na kimo cha anayelitazama. Mtu mzima aliona uso wa mtoto usio na alama na maneno ya kumwonya. Mtoto mfupi aliona uso ule ule una michubuko, pamoja na namba ya kupiga akipata madhara. Mtu aliyefuatana na mtoto, hata kama ndiye anayemuumiza, hakuona kilichoandikwa kwa mtoto. Sisi hatuna mitambo hiyo, lakini wazo tunaliweza kwa gundi na karatasi. Bandika vibango vidogo kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, mahali mtoto anapokaa bila mzazi: mlango wa choo cha shule kwa ndani, ukuta wa bomba, nyuma ya kibanda cha kuuzia maandazi. Maneno yawe machache na makubwa, namba iwe kubwa zaidi.

3. Tafuta kitu, saa na mahali.

Hapa ndipo penye kazi yote, usipaharakishe.

Kaa na watu wanaowaona watoto kila siku: mwalimu wa zamu, muuza uji, mlinzi wa mwalo. Usiulize "kuna ukatili gani?" Utajibiwa hotuba. Uliza, "Unaona nini? Saa ngapi? Ameshika nini?" Endelea mpaka mtu akupe kitu unachoweza kukishika mkononi.

Mara moja tulikaa na akina mama wachuuzi pale Kibirizi karibu asubuhi nzima, tukisikia tu kwamba "watoto wanateseka". Tulipokuwa tunaaga, mmoja akasema kama hana habari, "Siku hizi ngata zao ni masweta ya shule." Mtoto anaviringisha sweta, analiweka kichwani, ndoo inakaa juu yake. Maji ya dagaa yanachuruzika mpaka begani. Ukilinusa sweta lile saa nne darasani, unajua lilikuwa wapi saa kumi na mbili.

Sweta lililogeuka ngata. Tangazo lilikuwa tayari. Halina jina wala uso, halina kiraka cha bibi wa mtu, na kila mtu wa Kigoma analiona kichwani mwake papo hapo.

Onyo: kitu ulichopata kiwe cha watoto wengi. Kama ni mtoto mmoja tu mtaani anayevaa kandambili za rangi mbili, kandambili hizo ni sawa na uso wake. Na mahali pia: Kibirizi ni mwalo mkubwa, ukiutaja hujamtaja mtu. Ukitaja kijiji chenye kaya chache kando ya ziwa, umeshataja nyumba.

4. Andika kwa ajili ya sekunde 30.

Kiswahili kina maneno marefu. Zaidi ya maneno 65 msomaji wa redioni atakimbia, na mwenye kukimbia hasikilizwi. Hili ndilo tuliloandika mwishowe:

"Saa kumi na mbili asubuhi, mwalo wa Kibirizi. Ndoo imejaa dagaa. Chini ya ndoo, ngata. Ngata hiyo ni sweta la shule. Aliyebeba ana miaka tisa, na kengele ya darasa lake inagongwa saa moja na nusu. Mama, baba unayenunua dagaa: ndoo usimpe mtoto. Ukimwona mtoto kazini saa za shule, piga moja moja sita. Ni bure."

Angalia namna lilivyopangwa. Picha imekuja kwanza, kosa limejionyesha lenyewe bila mtu kutukanwa, kisha tendo, kisha namba. Hakuna neno "ukatili" na hakuna "tushirikiane kwa pamoja". Msomaji awe mtu mzima mwenye sauti ya kawaida, kama anayemsimulia jirani. Mtoto aliyepatwa na jambo asisomeshwe kamwe. Sauti yake inatambulika kama uso wake.

Utaulizwa: kwani mtoto kumsaidia mama si malezi? Ni malezi, na tangazo lisipigane na hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumnyima masomo. Ndiyo sababu tulitaja umri, ndoo na kengele. Mtu akisema "hata sisi tulibeba", mwulize kengele ya darasa lake ililia yeye akiwa wapi.

Kwa vijiji vya Kasulu, Buhigwe au Kakonko, andika upya kwa Kiha kutoka kichwani. Usitafsiri neno kwa neno. Mwite mtu mzima anayekizungumza nyumbani, msimulie ile picha, kisha umrekodi akiisimulia kwa namna yake.

5. Takwimu moja, tena mahali pake.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Namba hizi ni nzito, na ile ya wavulana huwanyamazisha watu kikaoni, maana wengi hudhani ni jambo la mabinti tu.

Zipeleke basi kikaoni: kwa madiwani, kwa kamati ya shule, kwa mfadhili. Kwenye bango ziache. Kumbuka Rokia alivyoshuka alipowekewa takwimu pembeni. Na kuna hatari nyingine: ukipiga kelele kwamba jambo limeenea kila nyumba, msikilizaji anaweza kutoka na neno moja tu, "kawaida". Ukilazimika kutaja wingi, taja wingi wa waliochukua hatua.

6. Picha na ridhaa.

Mtindo wa kuonyesha mtoto mwenye mateso ili watu wachange una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1919 mjini London, Eglantyne Jebb alikamatwa kwa kusambaza vipeperushi vyenye picha za watoto waliokonda kwa njaa, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huo huo yeye na mdogo wake Dorothy Buxton wakaanzisha shirika la watoto la Save the Children. Sipuuzi alichokifanya, fedha zile ziliokoa maisha. Lakini mtoto yule wa kwenye kipeperushi hakuulizwa, na tangu siku hizo wengi hawajaulizwa.

Kanuni zangu ni hizi, na sizilegezi kwa kikundi chochote:

Mtoto aliyefanyiwa ukatili hapigwi picha ya tangazo. Si kwa nyuma, si kwa kivuli, si kwa kuzibwa macho kwa mstari mweusi. Tumia mchoro, au picha ya kitu. Sweta letu lilichorwa na mchora mabango wa saluni, likiwa limeviringishwa juu ya benchi na tone moja linadondoka.

Ukitaka picha ya watoto wenye furaha wakicheza, omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi na ya mtoto kwa mdomo wake. Mwambie mzazi wazi: picha itabandikwa wapi, itakaa muda gani, itapita WhatsApp, na ikishapita huwezi kuirudisha. Nimeona wazazi wakisaini kwa sababu tu aliyekuja amevaa fulana ya mradi. Hiyo si ridhaa. Rudi kesho yake uulize tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa hata wewe mwenye kikundi kidogo.

Kagua picha kabla haijatoka: nembo ya shule, namba ya nyumba, pikipiki ya baba yenye namba zake, duka la jirani. Zima pia huduma ya mahali (location) kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha inaweza kubeba ramani ya ilikopigwa.

7. Hakikisha mlango unaouonyesha uko wazi.

Namba 116 ni Simu ya Mtoto ya taifa, na haina malipo. Hata hivyo, kabla hujaichapa, ipige wewe mwenyewe, useme kikundi chako kinatangaza wapi, uulize taarifa ya kutoka kata yako itapelekwa kwa nani. Halafu nenda kwa huyo afisa ustawi umwambie simu zinakuja. Kwenye vijiji vya mpakani kando ya ziwa, simu huweza kudaka mtandao wa Burundi, na hapo namba yetu fupi haitafika. Huko ongeza njia ya pili: ofisi ya mtendaji, au mwalimu wa malezi mwenye siku na saa zilizoandikwa.

Kama unaomba fedha, taja kiasi na kazi yake: nauli ya mtoto mmoja na mlezi wake kwenda na kurudi hospitali, kwa bei uliyoiuliza wiki hiyo hiyo. "Changia chochote" huleta chochote.

8. Jaribu kwa watu watano.

Wasiwe wanakikundi. Wasikilizishe mara moja tu, zungumzeni mambo mengine kidogo, kisha uliza: umekumbuka nini, na ungefanya nini? Kama watatu hawakumbuki namba, isemwe mara mbili. Kama hata mmoja amesema "najua ni mtoto wa nani", simamisha kila kitu urudi hatua ya 3, hata kama amekosea mtoto. Hasa kama amekosea.

9. Chagua siku kwa kutazama mwezi.

Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkali wavuvi hupumzika na mfuko wa mwaloni unapumzika nao. Ombi la mchango litoke siku za giza. Tangazo la tabia, kama letu la sweta, nalo litoke kwenye giza, ndoo zikiwa kichwani. Mbalamwezi ni wakati mzuri wa mikutano, kwa kuwa akina baba wako nyumbani. Ziwa likifungwa kwa mapumziko ya uvuvi, usiombe fedha mwaloni kabisa.

MAKOSA NINAYOYAONA MARA KWA MARA

Kutisha bila kuonyesha njia. Ukimtia mtu hofu kubwa bila tendo dogo analoliweza, anageuza uso, na kesho hata bango haliangalii.

Kumwonyesha mtoto kama ombaomba wa dunia, na mwokozi kama mgeni kutoka mbali. Msikilizaji wa Kigoma akiona hivyo anangoja mgeni aje. Mwonyeshe jirani akitenda.

Kujaza nembo. Wafadhili watano chini ya bango huifanya namba ya simu iwe ndogo kuliko nembo zao. Niliwahi kukataa kuchapa kwa sababu hiyo, na mfadhili alielewa tulipomweleza kwa utulivu.

Kubuni kisa na kusema ni cha kweli. Kikigundulika, hata visa vya kweli havitasadikiwa tena. Kama umeunganisha visa vya watoto wengi, sema hivyo.

UKIKWAMA

Watu wanasikitika lakini hawapigi simu. Mara nyingi kila mmoja anadhani jirani ameshapiga. Badilisha "jamii itoe taarifa" iwe "wewe uliyemwona". Wengine wanaogopa kujulikana: uliza 116 wanatunzaje siri ya anayepiga, na jibu hilo liingie kwenye tangazo kwa maneno yao.

Wanasema ni mambo ya familia. Usibishane redioni. Mpate bibi au mzee anayeheshimika mtaani aseme kwa kinywa chake kwamba aliwahi kuingilia, na mtoto akabaki kuwa wa familia ile ile.

Mwenyekiti amebandua mabango. Nenda kwake kabla hujalalamika popote. Pengine hukupiga hodi. Mwachie nakala, mwombe achague ukuta.

Watoto wanapiga namba kwa kuchezea. Usiwakaripie. Anayepiga kwa mchezo leo ameshaijua njia.

Michango ilikuja siku mbili ikakatika. Bandika ukutani kilichoingia na kilichotoka, hadi shilingi ya mwisho, kisha uombe tena.

Kuna mtoto ametambulika pamoja na juhudi zote. Ondoa tangazo kila mahali siku hiyo hiyo, mwombe kila msimamizi wa kundi alifute, mjulishe afisa ustawi, na uende nyumbani kwao wewe mwenyewe, usitume mtu. Ukifika, sikiliza kwanza. Kama kuna bibi, kaa chini kabla yeye hajakuambia ukae, na bango uwe nalo mkononi ili akuonyeshe ni nini kilichomtambulisha.